Nani Aliwamaliza Pengwini wa Torgersen?

Katika riwaya za upelelezi tulizokulia, maiti ikishaonekana, wa kwanza kushukiwa ni mgeni. Yule aliyeshuka jana kwenye gari moshi na sanduku lake jipya, asiyejulikana ukoo wala kazi. Kijiji kizima kinamnyooshea kidole. Msomaji mzoefu anatabasamu tu, maana anajua huyo siye. Mwandishi kamweka pale atupoteze njia. Lakini tukifunga kitabu na kutoka barabarani, subira hiyo yote tunaiacha nyumbani. Nje ya kitabu mgeni akishukiwa, kesi imekwisha.

Mimi nina ndoto ya kuandika riwaya. Nilimaliza kidato cha nne, sikubahatika kuendelea, na tangu hapo najisomea chochote kinachopita mkononi. Wenzangu wa kijiweni hunicheka: "We bwana, mtu wa Dar, joto lote hili, unasoma habari za barafu?" Ndiyo, nasoma. Huko kwenye barafu, upande wa chini kabisa wa dunia, nimekuta kesi ya kweli yenye kila kitu ambacho mwandishi anakitamani: mahali padogo, marehemu kwa maelfu, washukiwa watatu, na mpelelezi mmoja aliyekaa na faili lake miaka na miaka. Naomba unisikilize ndugu msomaji. Kisa hiki kinatuhusu kuliko tunavyodhani.

MAHALI PENYEWE

Antaktika ni bara zima, ukubwa wake kama kilomita za mraba milioni 14, na karibu lote limefunikwa na barafu. Halina wenyeji. Hakuna kabila, hakuna mfalme, hakuna kaburi la babu wa mtu. Upande unaotazamana na Amerika ya Kusini bara hilo limenyoosha mkono mrefu baharini, yaani rasi, na huko ndiko kuna afadhali kidogo ya baridi. Magharibi ya rasi hiyo kuna kisiwa cha Anvers, ambako Marekani ilijenga kituo cha utafiti kiitwacho Palmer katika miaka ya 1960. Karibu na kituo hicho kuna visiwa vidogo vidogo vya mawe. Kimoja kinaitwa Torgersen. Kingine kinaitwa Litchfield. Yashike majina haya mawili, tutayahitaji mbele.

Wakazi wa visiwa hivyo walikuwa pengwini wa aina ya Adelie. Ni ndege asiyeruka, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, urefu wake unapita magoti yako kidogo tu. Maisha yake yanafuata ratiba kama ya treni. Oktoba anatoka baharini na kupanda kisiwani. Anakusanya kokoto, moja moja, anajenga kiota. Novemba mayai mawili. Mwisho wa Desemba makinda yako nje, na Februari makinda hayo yanaingia majini kujitegemea. Mwaka ukigeuka, anarudi pale pale alipotaga mwaka jana. Hana tabia ya kuhama mtaa.

Mwanzoni mwa msimu wa 1974 na 1975 alifika Palmer kijana mmoja Mmarekani, mwanafunzi, jina lake Bill Fraser. Kazi yake ilikuwa ndege. Katika visiwa vile vya jirani na kituo, hesabu ya wakati huo ilikuta jozi kama 15,000 za Adelie. Fraser akawa anarudi, msimu baada ya msimu, mpaka nywele zikabadilika rangi. Na kila aliporudi, hesabu ilikuwa imeshuka. Mpaka kufikia miaka ya karibuni, zaidi ya asilimia 80 ya jozi zile walikuwa hawapo tena.

Hapo ndipo kesi ilipofunguliwa. Nani kawamaliza?

MSHUKIWA WA KWANZA: MGENI

Wageni walikuwepo, tena wengi. Watalii wa mwanzo kabisa walifika rasi ile kwa meli ya Ajentina, Les Eclaireurs, mwezi wa Januari 1958. Lakini aliyeifanya safari hiyo kuwa biashara alikuwa Msweden aliyehamia Marekani, Lars-Eric Lindblad. Mwaka 1966 alikodi meli ya jeshi la majini la Ajentina, akapakia wasafiri 57 na kuwapeleka kuona barafu. Miaka mitatu baadaye akawa na meli yake iliyojengwa kwa kazi hiyo hiyo, ndogo, imara, yenye rangi nyekundu, Lindblad Explorer.

Lindblad alikuwa na hoja ambayo bado inasikika mpaka leo. Alisema mtu hawezi kukilinda kitu asichokijua. Basi mpeleke akaone, arudi kwao akawe wakili wa barafu. Hoja nzuri. Lakini meli ni meli. Februari 1972 Lindblad Explorer ilipanda mwamba katika kisiwa cha King George, na abiria wakaokolewa na jeshi la majini la Chile. Ikavutwa, ikatengenezwa, ikarudi kazini, ikabadilishwa wenye mali na jina. Mwisho wake ulikuja tarehe 23 Novemba 2007, ilipogonga barafu usiku katika mlango wa bahari wa Bransfield. Watu 154 walikaa kwenye mashua kwa saa kadhaa katika baridi kali mpaka meli nyingine ikawafikia. Wote walipona. Meli yenyewe ikazama na dizeli yake.

Si majini tu. Mwaka 1977 shirika la ndege la New Zealand lilianzisha safari za kutazama Antaktika kutoka hewani: unapanda asubuhi, unaona milima ya barafu dirishani, unarudi nyumbani kulala. Tarehe 28 Novemba 1979 ndege mojawapo ilijibamiza kwenye mlima Erebus. Watu 257, hakupona hata mmoja. Utalii wa kutazama ukageuka msiba wa taifa.

Halafu likaja tukio lililotokea mlangoni kabisa mwa Palmer. Tarehe 28 Januari 1989 meli ya jeshi la majini la Ajentina, Bahía Paraíso, ilikuwa imepeleka shehena kwenye vituo, na juu yake ilikuwa imebeba watalii 81. Walikuja kutembelea Palmer. Wakati wa kuondoka meli ikapasuliwa na mwamba chini. Watu waliokolewa wote, lakini mafuta hayakuokoka: yapata lita 600,000 zilimwagika katika maji yale yale ambamo pengwini wa Torgersen wanatafuta riziki. Ndege walionekana wamelowa mafuta. Viumbe wa ukingoni mwa maji walikufa.

Jamani, mshukiwa gani mwingine unamtaka? Mgeni amekuja, amekanyaga, amemwaga mafuta. Pengwini wanapungua. Funga faili, andika hukumu.

MSHUKIWA WA PILI: MPELELEZI MWENYEWE

Subiri kwanza. Katika hadithi nzuri mtu anayenyoosha kidole naye lazima atazamwe mikono.

Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini mjini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12. Ulisema bara lile litumike kwa amani na kwa sayansi. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu ilikuwa enzi ya vita baridi na wakubwa wale walikuwa hawaaminiani hata kwa glasi ya maji. Lakini kuhusu usafi wa mazingira mkataba huo haukusema mengi. Na wanasayansi, kwa miaka mingi, waliishi huko kama wapangaji wasio na mwenye nyumba.

Katika kituo kikubwa cha Marekani, McMurdo, takataka zilichomwa wazi au ziliwekwa juu ya barafu ya bahari, ili barafu ikiyeyuka zizame zenyewe. Kulikuwa na mtambo wa nyuklia wa kuzalisha umeme, uliofanya kazi kwa miaka kumi hivi hadi ukazimwa mwaka 1972, na ukaacha udongo wa kuchimbwa na kupakiwa melini kupelekwa mbali. Wafaransa, kuanzia mwaka 1983, walilipua visiwa kwa baruti karibu na kituo chao cha Dumont d'Urville ili wapate uwanja wa ndege, tena mahali ambapo pengwini wanataga. Uwanja ukakamilika, na mwanzoni mwa 1994 bahari ikauharibu kabla haujatumika ipasavyo. Bahari nayo ina mizaha yake.

Basi nani alikuwa akiwachunga wachungaji? Kuanzia 1987 mpaka 1992 shirika la Greenpeace liliweka kituo chake lenyewe katika kisiwa cha Ross, karibu na McMurdo, wakawa wanapima uchafu wa jirani zao wakubwa na kuutangaza duniani. Fikiria aibu yake! Mtaalamu aliyekwenda kupima dunia anapimwa yeye jaa lake.

Kelele hizo, pamoja na mafuta ya Bahía Paraíso, pamoja na mvutano juu ya uchimbaji wa madini, ndizo zilizozaa Itifaki ya Madrid, iliyotiwa saini tarehe 4 Oktoba 1991 na kuanza kutumika Januari 1998. Itifaki hiyo ililiita bara lote hifadhi ya asili kwa ajili ya amani na sayansi. Ilipiga marufuku uchimbaji wa madini. Iliamuru kila shughuli ipimwe madhara yake kabla haijaanza na ifuatiliwe baada ya kuanza, iwe ya mtalii au ya profesa. Hata mbwa wavuta sleji, waliokuwa mashujaa wa vitabu vya zamani, waliondolewa wote mwaka 1994, maana nao ni wageni. Mwaka huo huo wa 1991 kampuni saba za utalii ziliunda chama chao, IAATO, na kujiwekea kanuni: watu wasizidi mia moja nchi kavu kwa wakati mmoja, usimsogelee pengwini chini ya mita tano, viatu vioshwe kabla ya kushuka na baada ya kupanda.

Lakini sheria haiwarudishi marehemu. Pengwini wa Palmer waliendelea kupungua, na swali likabaki pale pale.

KISIWA KISICHO NA MGENI

Sasa tulipofika ndipo panapogawanya mpiga porojo na mpelelezi.

Bill Fraser na mwenzake Donna Patterson hawakukaa kubishana kama watalii ni watu wabaya au wazuri. Waliuliza swali dogo ambalo mtoto wa darasa la saba angeweza kuliuliza: kama miguu ya wageni ndiyo inayoua, basi mahali ambapo mguu wa mgeni haufiki, pengwini wanapaswa kuwa salama. Je, wako salama?

Na jibu lilikuwepo pale pale majini. Torgersen ilikuwa kisiwa cha watalii. Meli zilizokuja Palmer zilishusha wageni hapo. Baadaye hata kisiwa chenyewe kiligawanywa, upande mmoja wa wageni na upande mwingine wa watafiti peke yao. Litchfield, jirani yake, ilikuwa imefungwa rasmi tangu mwaka 1975. Hakuna mtalii. Hata mtafiti haingii bila kibali. Kama ni mtihani wa maabara, usingeweza kuupanga vizuri zaidi: ndege wale wale, bahari ile ile, mwaka ule ule, tofauti ni mgeni tu.

Mwaka 1997 walichapisha walichokiona. Pengwini wa Litchfield, kisiwa kilichofungwa, walikuwa wamepungua kuliko wa Torgersen, kisiwa cha watalii.

Rudia kuisoma sentensi hiyo, ndugu yangu. Mimi niliirudia mara tatu. Kumbe pale ambapo mshukiwa hakuwahi kukanyaga, ndipo vifo vilipozidi! Mgeni alikuwa na ushahidi wa kuwa mahali pengine saa ya tukio.

Naomba tutazame pia kazi iliyowawezesha kusema hivyo. Haikuwa akili ya ajabu. Ilikuwa kuhesabu. Kila Novemba, wakati mayai yako kwenye viota, mtu anasimama pembeni ya kundi na kifaa kidogo cha kubonyeza mkononi, anabonyeza kwa kila kiota, anafika mwisho, anaandika, halafu anarudi kuhesabu tena asije akawa amekosea. Upepo unampiga, harufu ya mavi ya pengwini inamchoma pua, vidole vimekufa ganzi. Januari anarudi kuhesabu makinda. Mwaka unaofuata anaanza upya. Hakuna anayepigiwa makofi kwa kazi hiyo. Lakini bila daftari la 1975, hesabu ya 1992 isingekuwa na maana yoyote. Hata madhara ya mafuta ya 1989 yalipimika kwa sababu kulikuwa na watu waliohesabu kabla mafuta hayajamwagika. Ukianza kuhesabu baada ya msiba, umechelewa. Huwezi kujua waliokufa kama hukuwajua waliokuwa hai.

MUUAJI ANAPOINGIA KIMYA

Kama si mgeni, nani?

Fraser alitazama ramani ya visiwa, akaona jambo. Makundi yaliyokuwa yakifa haraka yalikuwa upande mmoja wa vilima. Dhoruba za huko huvuma zaidi kutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo theluji huchukuliwa na upepo na kurundikana upande wa pili, nyuma ya kilima, kama mchanga unavyorundikana nyuma ya ukuta. Upande huo ndiko pengwini walikokuwa wakiisha. Litchfield, kwa umbo lake, ndege wake wengi waliishi kwenye marundo hayo.

Lakini theluji imekuwepo tangu Adamu. Kwa nini iue sasa? Kwa sababu iliongezeka, na iliongezeka kwa sababu ya joto. Najua inasikika kama kichekesho: joto linaleta theluji! Lakini tazama mantiki yake. Kwenye baridi kali mno hewa ni kavu, na bahari imefunikwa na barafu kama sufuria yenye mfuniko. Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini, joto la kipupwe katika magharibi ya rasi ile lilipanda kwa nyuzi kama tano au zaidi za sentigredi. Mfuniko ukafunguka. Maji yakapanda hewani, yakashuka kama theluji, tena ikaja kuanguka hata majira ya kutaga. Adelie hajui kuhama, nimeshasema. Anarudi kwenye kokoto zake, anazikuta zimefunikwa, anataga juu ya theluji. Theluji inayeyuka chini ya tumbo lake mwenyewe. Yai linazama kwenye dimbwi la maji ya baridi, na mama bado kalalia.

Na barafu ya bahari ilipopungua, kilikwenda na chakula. Chini ya barafu hiyo ndimo wanamokulia kamba wadogo waitwao krili, na juu yake ndipo Adelie anapopumzikia majira ya baridi. Kipindi ambacho bahari ya huko inakuwa na barafu kilifupishwa kwa wiki nyingi. Wakati huo huo jamaa wengine wa pengwini, aina ya gentoo, ambao hawapendi barafu, wakahamia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 gentoo walianza kuzaa katika eneo la Palmer, mahali ambapo hawakuonekana wakizaa kabla, na wakaendelea kuongezeka. Mtaa unabadilika wenyeji mbele ya macho yako.

Kwa hiyo muuaji alikuwa joto, na joto hilo halikushuka na meli ya Lindblad. Lilitoka kwenye mabomba ya viwanda na magari na mitambo ya umeme ya mbali sana, kwa watu ambao wengi wao hawatamwona pengwini maisha yao yote.

Hapa mwandishi mvivu angefunga hadithi: mgeni hana hatia, apewe fidia na chai. Lakini faili la kweli lina kurasa zaidi.

Mwaka 1992 na 1993, msimu mmoja, watalii wa Antaktika walikuwa kama 6,700. Msimu wa 2023 na 2024 walizidi 120,000. Mgeni mmoja sebuleni si sawa na harusi nzima. Mwaka 2022 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa masizi, yaani ule weusi wa moshi unaotua juu ya theluji karibu na vituo vya utafiti na mahali meli zinaposhusha watu. Theluji safi hurudisha mwanga wa jua. Theluji yenye masizi huunywa, ikayeyuka mapema. Walikadiria kuwa kila mtalii aliyekwenda huko kati ya 2016 na 2020 aliharakisha kuyeyuka kwa theluji kama tani 83. Mtu mmoja! Aliyeosha viatu vyake vizuri, akakaa mita tano kutoka kwa pengwini, akapiga picha zake na kusema asante. Kiatu chake hakina kosa. Kosa liko kwenye dohani ya meli iliyomleta. Na vituo vya utafiti havikusamehewa katika hesabu hiyo. Mtafiti akaaye msimu mzima huacha masizi kuliko mtalii wa siku chache.

Upande mwingine, watalii hao hao wamekuwa pia usafiri wa wanaohesabu. Mwaka 1994 Mmarekani mwingine, Ron Naveen, alianzisha mpango wa kuorodhesha ndege na mimea katika sehemu zinazotembelewa na wageni katika rasi ile. Hakuwa na fedha za kununua meli. Akawa anapanda meli za watalii. Wageni wakishuka kupiga picha, watu wake wanashuka na vifaa vyao vya kubonyeza. Miaka zaidi ya ishirini na mitano ya takwimu, mamia ya mahali, nyingi zimekusanywa kwa kudandia safari za yule yule mshukiwa. Ukiandika jambo hili kwenye riwaya, mhariri atasema umezidisha.

Na bado tabia yetu ya kumrukia mgeni haijaisha. Mafua ya ndege yalipothibitishwa katika kisiwa cha South Georgia mwezi Oktoba 2023, na Februari 2024 yakathibitishwa katika bara lenyewe la Antaktika, ilikuwa rahisi mtu kusema watalii wameyaleta. Wataalamu wanaona walioyaleta ni ndege wenyewe, wale wanaohama kutoka Amerika ya Kusini, ambao hawana pasipoti wala viatu vya kuoshwa. Hata hivyo kanuni za wageni zilikazwa, na ni haki zikazwe, maana asiyeleta ugonjwa anaweza kuusambaza.

SISI TUNAINGIAJE?

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunawajua watalii kuliko wanavyotujua. Na tuna nyimbo mbili tu juu yao. Wimbo wa kwanza: watalii ndio wanaotuharibia bahari, matumbawe na watoto wetu. Wimbo wa pili: watalii ndio ugali wetu, asiguswe mtu. Kila kambi inaimba kwa sauti kubwa, na nikiwasikiliza nasikia sauti tu, sisikii hesabu. Mwamba ule ulikuwa na samaki wangapi kabla hoteli haijajengwa? Nani aliandika? Daftari liko wapi? Babu mvuvi anayo kichwani, na babu anazeeka.

Tena barafu ya huko haiko mbali kama wenzangu wa kijiweni wanavyofikiri. Barafu iliyo juu ya nchi kavu ikiingia baharini, maji hupanda pote, Kigamboni na Mombasa na Tanga. Moshi wetu katika kesi hii ni mdogo sana ukilinganisha na wa wakubwa, lakini maji hayatauliza nani alichoma nini.

Kwenu waandishi wenzangu nina neno moja. Tunapenda kuandika kwa hasira, na hasira ni mtaji mzuri. Bila hasira mtu hakai usiku kucha na mshumaa. Lakini hasira ya kumrukia wa kwanza anayeonekana inaua hadithi na inaua haki. Fraser angeweza kuwa maarufu mapema zaidi kama angesimama mwaka 1989, mafuta yakielea, na kuwalaumu watalii kwa kila yai lililooza. Watu wangempigia makofi. Yeye akarudi kisiwani kuhesabu.

Pengwini wa Litchfield walikuwa kama jozi elfu moja mwanzoni mwa hesabu, na kizazi chao kilikuwepo hapo kwa mamia ya miaka. Mwaka 2007 hakutaga hata mmoja. Kisiwa bado kimefungwa, kibali bado kinahitajika, hakuna mtalii anayeruhusiwa kushuka. Zimebaki kokoto zile zile zilizobebwa moja moja kwa midomo, na anayefika kuhesabu anaandika sifuri, anapanda mashua na kuelekea kisiwa kinachofuata.